Mdogo wangu yuko kwenye methadoni na ni mjamzito: mtoto akizaliwa na arosto anatibiwaje?

#1 Mwana wa Tandika

Wakuu salaam. Naombeni ushauri wa watu wanaolijua hili jambo, siyo wa kubahatisha.

Mdogo wangu wa kike aliangukia kwenye unga (heroini) akiwa bado binti mbichi. Tumehangaika naye: soba hausi, maombi, kumfungia ndani, kumpeleka kijijini kwa bibi. Kilichomtuliza ni methadoni, dawa ya hospitali anayopewa badala ya unga. Kila asubuhi anaenda hospitali anakunywa dozi mbele ya nesi, anarudi nyumbani, anakaanga vitumbua vyake na kuuza. Sasa ana mimba ya miezi saba. Alichelewa kugundua kwa sababu miaka yote ya unga hedhi ilikuwa imekata, akaamini hatazaa tena.

Wiki hii kliniki wamemwambia mtoto anaweza kuzaliwa na arosto, yaani mateso ya mwili kukosa dawa uliyoizoea. Alipoleta habari hiyo nyumba nzima imewaka moto. Mama anataka aache methadoni mara moja ili damu isafike kabla mtoto hajatoka. Shangazi anasema tutazaa taahira. Mwenyewe amevunjika moyo, juzi hakwenda kunywa dozi, ilipofika usiku anatetemeka, pua zinachuruzika, tumbo linamsokota, na mtoto tumboni anapiga mateke kuliko siku zote.

Je, aache? Asipoacha, huyo mtoto atapitia nini na hospitali zetu zinaweza kumsaidia? Naandika hapa kwa sababu sina mtu wa kumuuliza bila mdogo wangu kuonekana mkosaji.

#2 Baba Shamsa

Pole sana ndugu. Mimi nasema ninachoamini: dawa ya kulevya ni dawa ya kulevya hata ikitolewa na serikali. Mtoto hakuchagua. Mama akaze moyo wiki mbili atoke arosto sasa, ili mtoto asije akaipata yeye. Arosto haijamuua mtu.

#3 Mkunga wa Zamu

Mwana wa Tandika, kesho alfajiri mshike mkono mdogo wako mpeleke akanywe dozi, na amwambie daktari wa kliniki kwamba aliruka siku. Akiruka siku kadhaa mfululizo hawawezi kumrudishia kiwango kile kile, inabidi waanzie chini, kwa hiyo asifiche. Mengine soma ukirudi.

Baba Shamsa, ni kweli arosto ni nadra kumuua mtu mzima mwenye afya. Lakini hapa kuna watu wawili. Mama akishikwa na arosto, mtoto naye anaipata mle mle tumboni, na huko hakuna wa kumshika wala kumpa dawa. Mfuko wa uzazi unaweza kuanza kubana kabla ya wakati, mtoto akazaliwa njiti, au akachoka akafia ndani. Tena wanaokatishwa methadoni wakiwa na mimba wengi wanarudi kwenye kete, na mwili unakuwa umeshasahau kiwango cha zamani, ndipo wanapozidisha na kufa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2014 kuhusu wajawazito wanaotumia dawa za kulevya unasema waziwazi: mjamzito mwenye uraibu wa heroini abaki kwenye methadoni au buprenofini (dawa nyingine ya kazi hiyo hiyo), asikatishwe. Arosto ya mtoto aliyezaliwa tunaiona kwa macho, tunaipima, tunaitibu. Ya tumboni hatuna la kuifanya.

Na asishangae dozi ikianza kuonekana ndogo. Mimba ikikua damu inaongezeka na mwili unaivunja methadoni haraka zaidi, kwa hiyo asubuhi yuko sawa, jioni arosto inamchungulia. Aseme. Dozi inaongezwa, au inagawanywa mara mbili. Dozi kubwa ya mama haimaanishi arosto kubwa ya mtoto. Nimepokea watoto wa dozi za juu waliotulia, na wa dozi ndogo waliohangaika.

Sasa mtoto. Methadoni na heroini zinapita kwenye kondo la nyuma, mtoto anakua akiwa amezizoea. Kitovu kikikatwa, ugavi unakatika siku hiyo hiyo. Kwa mtoto wa mama anayetumia heroini dalili huanza ndani ya saa 24. Methadoni inakaa mwilini muda mrefu, hivyo dalili zake mara nyingi huanza kati ya siku ya kwanza na ya tatu, na kwa wachache hadi wiki inakaribia kuisha.

Hapo ndipo tunapowapoteza. Wodi za wazazi zimejaa, mama akijifungua salama kesho yake anaruhusiwa. Mtoto anatoka hospitali analala vizuri, kila mtu anamsifu. Arosto inamkuta nyumbani, mikononi mwa bibi ambaye hakuambiwa chochote. Kilio chembamba, cha juu, kisichobembelezeka. Bibi anasema ni mchango, jirani anasema jicho. Anapewa majimaji ya mizizi, anaharisha zaidi, anakauka, na anapofika kwetu macho yameingia ndani.

Ninalokuomba kuliko yote ni mdogo wako ASEME. Aseme kliniki ya wajawazito, aseme tena leba, na methadoni iandikwe kwenye kadi. Halafu akae wodini na mtoto siku 5 hadi 7. Kitanda kikitakiwa, wewe kaka mtu simama uongee na msimamizi wa wodi.

Utakachoona mtoto akipata arosto: anatetemeka hata akiwa amelala, mikono na miguu inakakamaa, akisikia mlango umefungwa anashtuka mwili mzima. Anapiga chafya na miayo mfululizo, pua imeziba lakini hana mafua. Anatoka jasho, joto linapanda kidogo. Anacheua, anaharisha majimaji, makalio yanachubuka. Ananyonya ngumi kwa pupa kana kwamba hajawahi kula, ukimpa ziwa anashindwa kulishika, analiachia, analia, anajaribu tena. Visigino na magoti yanapata vidonda kwa kusuguana na shuka. Wachache wanapata degedege, na hiyo ni dharura.

Lakini si kila mtetemeko ni arosto. Sukari ikishuka mtoto anatetemeka. Kalsiamu ikiwa chini anatetemeka. Akiwa na maambukizi kwenye damu au uti wa mgongo anaweza kulia hivyo hivyo na kukataa ziwa. Mama kuwa kwenye methadoni isiwe sababu ya nesi au daktari kuacha kupima hayo mengine. Mkiona wanamtazama mama tu, ulizeni: sukari ya mtoto imepimwa?

Kuhusu matibabu nitarudi, naitwa.

#4 Mfamasia wa Barabara ya 8

Naongezea upande wa dawa wakati Sista Mkunga yuko kazini.

Mdogo wako akiwa leba aendelee na methadoni yake kama kawaida, hata kama ni siku ya upasuaji. Methadoni hiyo haimtulizi uchungu wa kuzaa, kwa hiyo ana haki ya dawa ya maumivu kama mama mwingine yeyote. Ila asichomwe pentazosini. Ni dawa ya maumivu tunayoikuta kwenye baadhi ya hospitali, na kwa mtu wa methadoni inamtupa kwenye arosto papo hapo. Iandikwe kwenye faili mapema.

Mtoto akizaliwa amechoka, hapumui vizuri, asipewe naloksoni, dawa ya kuondoa nguvu ya heroini mwilini. Kwa mtu mzima aliyezidisha unga naloksoni inaokoa maisha. Kwa mtoto huyu inaweza kuleta arosto kali ya ghafla na degedege. Anasaidiwa kupumua kwa mfuko na barakoa, basi.

Dawa yenyewe ya arosto ya mtoto, pale inapohitajika, ni mofini ya maji ya kumeza au methadoni kwa vipimo vidogo sana, halafu inapunguzwa taratibu. Mofini ya kumeza hapa kwetu ipo, Taasisi ya Saratani Ocean Road inaitengeneza kutokana na unga wake kwa ajili ya wagonjwa wa saratani, lakini kwa mtoto mchanga lazima ipunguzwe makali na mtu anayejua. Sehemu nyingi wanatumia fenobabito, dawa ya degedege, kwa sababu ndiyo iliyopo kabatini. Inasaidia mtetemeko na degedege, ila haigusi kuharisha wala kutapika, na ikizidi mtoto analala mno hata kunyonya anashindwa. Kama mama alikuwa akichanganya na valiamu au pombe, hapo fenobabito ina nafasi yake zaidi.

Kuna watu wameshanifuata dukani kuulizia "kitu kidogo cha kumtuliza mtoto" wakijua mama anatumia unga. Msithubutu kumpaka mtoto unga mdomoni, wala kumdondoshea methadoni ya mama, wala kumsagia tramado, kile kidonge cha maumivu. Tofauti ya kumtuliza na kumsimamisha pumzi kwa mtoto wa kilo mbili na nusu ni tone.

Swali kwa mleta mada: mdogo wako anatumia dawa za kifua kikuu au ARV? Rifampisini, efavirenzi na nevirapini zinashusha methadoni mwilini. Kliniki ijue.

#5 Ukhti wa Kisauni

Mie nimepitia. Nimesoma nikasema wallahi sitanyamaza.

Nilianza methadoni hapa pwani ya Kenya nikiwa na mimba changa. Hospitali niliyojifungulia siitaji. Nilisema ukweli leba kama nilivyofunzwa na mhudumu wetu, na nikaona nyuso zikibadilika. Mmoja akamwita mwanangu teja mbele ya wazazi wengine. Mwanangu hakuwa teja. Hakutafuta kitu, hakuiba, hakutamani. Mwili wake ulizoeshwa tu, na ulikuwa ukizoea upya.

Siku ya pili alianza chafya. Nikadhani baridi. Usiku kidevu chake kikawa chekundu kwa kujisugua kwenye nguo yangu akitafuta ziwa, alipata, akalipoteza, akalia mpaka sauti ikakatika. Wakamchukua chumba kingine, taa kali juu yake saa zote, mashine zinalia, mimi nikaambiwa nije saa za kumnyonyesha tu. Nilikuwa nikikaa kwenye benchi nje namsikia. Nikawa nafikiria kurudi maskani, nasema kweli.

Aliyeniokoa ni nesi mmoja mtu mzima wa zamu ya usiku. Alizima taa, akanivua buibui, akamlaza mwanangu kifuani kwangu akiwa na nepi tu, akatufunika leso mbili. Akaniambia, "Dawa ya kwanza ni wewe." Mtoto akalala saa mbili, hakuwa amelala hivyo tangu dalili zianze. Kutoka hapo wakaniacha nikae naye. Leo anasoma chekechea, anajua kuhesabu kuliko binamu zake.

#6 Baba Shamsa

Dada, nimekusikia, Mungu akuhifadhi na mwanao. Kuhusu kumkatisha dawa nimewaelewa. Lakini nina swali, na si la kubishana. Kuna mama ambaye hayuko kwenye methadoni, anabwia unga mpaka siku ya kuzaa. Serikali isimchukue mtoto? Sheria isimguse?

#7 Mkunga wa Zamu

Baba Shamsa, nakujibu kwa ninavyoyaona. Mama akijua akisema atapelekwa polisi, hasemi. Hasemi kliniki, hasemi leba, au hafiki kabisa, anazalia geto. Wamarekani walijaribu: jimbo la Tennessee lilipitisha sheria 2014 ya kumshtaki mama ambaye mtoto wake amezaliwa na madhara ya dawa za kulevya. Wanawake wakaanza kukwepa kliniki kwa hofu, na 2016 sheria ilipofika ukomo wake wakaiacha ife. Mimi nataka yule mama aje kwangu akiwa na unga kwenye pindo la kanga, nimwone mapema, nimwunganishe na methadoni. Muhimbili walianza 2011, baadaye Mwananyamala na Temeke, Zanzibar wana Kidongo Chekundu. Kwenye foleni zile wanaume ni wengi kupita kiasi. Wanawake wako mitaani na wanajificha, na wenye mimba wanajificha mara mbili.

Kuna mama ambaye kweli hawezi kumlea mtoto kwa wakati huo. Hapo ustawi wa jamii wanahusika, bibi au shangazi anashika. Lakini iwe hatua ya mwisho baada ya kumsaidia.

Sasa matibabu, nilikatizwa. Ukhti wa Kisauni ameshayasema kwa ufupi kuliko nitakavyosema mimi.

Mtoto wa arosto hawezi kuzuia yanayomfikia: mwanga, kelele, kupapaswa-papaswa, wageni kumpokezana. Kwa hiyo tunapunguza vyote. Kona yenye giza kidogo, simu kimya, redio izimwe, mtu mmoja au wawili tu wa kumshika. Akiwa macho na analia, kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi. Akitaka kulala, mfunge kwa kanga laini mikono ikiwa karibu na kifua, usimkaze miguu. Ukimtikisa, mtikise taratibu kwenda juu na chini, mwendo mmoja, usibadilishe-badilishe. Kazi zote za kumgusa, kama nepi, kipimo cha joto na mizani, zifanywe kwa pamoja akiwa tayari ameamka. Usimwamshe kwa ajili ya karatasi zetu.

Anyonye kidogo kidogo, mara nyingi, kila akionyesha dalili ya njaa, usingoje saa tatu zitimie. Anachoma nguvu nyingi kwa kutetemeka na kulia, kwa hiyo anahitaji maziwa zaidi ya mtoto wa kawaida. Apimwe uzito kila siku. Akishindwa kushika ziwa, mama akamue, tumpe kwa kikombe. Makalio yapakwe mafuta ya zinki kabla hayajachubuka, ukisubiri vidonda umechelewa.

Na ndiyo, ANYONYESHE. Najua swali linakuja. Methadoni inayopita kwenye maziwa ni kidogo sana, na watoto wanaonyonya wanapata arosto nyepesi na wanatoka hospitali mapema. Mama mwenye VVU aliye kwenye ARV naye ananyonyesha, mtoto anapewa dawa ya kinga, na miezi sita ya mwanzo ni maziwa ya mama peke yake. Homa ya ini aina ya C haizuii, isipokuwa chuchu zikipasuka na kutoa damu, hapo asubiri zipone. Anayeendelea kutumia unga ndiye tunayemwambia asinyonyeshe, na huyo tunamtafutia methadoni haraka. Siku ya kumwachisha ziwa asikate ghafla, apunguze taratibu.

#8 Nesi wa Ughaibuni

Niko Philadelphia, nafanya kazi wodi ya watoto wachanga, naona hawa watoto kila wiki. Huku tatizo liliongezeka sana: mwaka 2010 ilikuwa watoto 4 kwa kila 1,000 wanaozaliwa hospitali nchini Marekani, 2017 ikafika 7.3.

Miaka mingi tumetumia fomu ya Loretta Finnegan, daktari wa mji huu huu, ya mwaka 1975. Kila saa tatu au nne unampa mtoto alama: kilio, mtetemeko, chafya, kinyesi, usingizi. Akifikisha 8 mara tatu mfululizo au 12 mara mbili, anaanzishiwa dawa. Fomu ilisaidia sana kwa sababu kabla yake kila mtu alikuwa akikisia. Ubaya wake ni kwamba unamwamsha mtoto ili umpime, analia, halafu unamwandikia alama za kulia.

Siku hizi hospitali nyingi tunauliza mambo matatu. Anakula vya kutosha? Analala angalau saa moja bila kushtuka? Akilia, anabembelezeka ndani ya dakika kumi? Kama ndiyo, hata akipiga chafya siku nzima, hatumpi mofini. Kama hapana, kwanza tunaongeza mikono ya kumshika, kupunguza mwanga na kumweka mama karibu, kisha ndiyo dawa. Utafiti uliofanywa kwenye hospitali 26 za Marekani ukatoka 2023, watoto 1,305, ulionyesha njia hii inawafanya wawe tayari kuruhusiwa baada ya siku 8 hivi badala ya 15, na waliohitaji dawa walishuka kutoka 52 kwa mia hadi karibu 20 kwa mia.

Nawaambia haya ya huku kwa sababu sehemu kubwa ya tiba hiyo haihitaji mashine. Inahitaji mama, kiti, kanga, na chumba chenye utulivu. Nyumbani tuna mabibi na mashangazi wa kupokezana usiku. Huku tunatafuta watu wa kujitolea waje kuwashika watoto.

#9 Mwana wa Tandika

Nawashukuru wote, siwezi kumjibu kila mmoja. Dozi anakunywa, nampeleka mwenyewe. Hana kifua kikuu, na kipimo cha VVU ni salama. Mama amesoma majibu ya Mkunga mara mbili, hakusema kitu, lakini neno la kuacha halijarudi.

Limebaki la shangazi. Akili ya mtoto itakuwaje akikua?

#10 Nesi wa Ughaibuni

Miaka ya 1980 magazeti ya huku yaliandika kwamba watoto wa akina mama waliotumia kokeni watakuwa kizazi kilichopotea, hawatasoma, watajaa magerezani. Daktari Hallam Hurt, hapa hapa Philadelphia, akachukua watoto 224 waliozaliwa kati ya 1989 na 1992, karibu nusu yao mama zao walitumia kokeni, nusu hawakutumia, wote wa familia maskini. Akawafuatilia mpaka wakawa watu wazima. Makundi mawili hayakutofautiana kwa maana yoyote kubwa. Yote mawili yalikuwa nyuma ya watoto wa familia zenye uwezo. Umaskini ndio uliokuwa na nguvu zaidi. Ile ilikuwa kokeni, siyo heroini, lakini inatosha kumnyamazisha shangazi asimhukumu mtoto kabla hajazaliwa.

#11 Mkunga wa Zamu

Nami nisiseme hakuna kitu kabisa. Baada ya arosto kali kuisha, kuna watoto wanaobaki wakilia kirahisi na kulala vibaya kwa miezi kadhaa, mpaka minne au sita. Wengine macho yanakuwa na makengeza, yaangaliwe mapema. Wengine wakifika shule umakini unakuwa mdogo, ingawa ni vigumu kutenganisha methadoni na sigara, lishe mbaya na maisha ya misukosuko. Mdogo wako kama anavuta sigara, hiyo ndiyo ya kuanza kupunguza leo, sigara inaongeza makali ya arosto ya mtoto na inampunguzia uzito.

Pombe ndiyo inayoharibu ubongo wa mtoto tumboni kwa namna isiyorudi nyuma. Watu wanamwogopa mwenye methadoni, huku mjamzito anakunywa gongo barazani na hakuna anayemkemea.

#12 Mwana wa Tandika

Wakuu, mrejesho.

Amejifungua salama, mtoto wa kike, kilo 2.6. Kadi ilikuwa imeandikwa kila kitu. Daktari wa zamu aliisoma, akamuuliza dozi ni kiasi gani, akaandika, akaendelea na kazi yake bila neno baya. Mdogo wangu aliniambia hilo tu lilimtoa machozi.

Siku ya kwanza mtoto alilala tukadhani tumepona. Siku ya tatu ikaanza kama mlivyosema, chafya, halafu kidevu kinacheza, halafu kile kilio. Sukari walipima, ilikuwa sawa, na damu wakachukua. Tuliomba kitanda cha pembeni mbali na mlango, tukaning'iniza kanga dirishani. Mama akawa wa zamu ya usiku. Alimkumbatia mjukuu kifuani tangu saa nne mpaka adhana ya alfajiri ili binti yake alale. Hajabadilisha mawazo yake kuhusu methadoni, kanitamkia hivyo, lakini mtoto hamwachii mtu.

Usiku wa nne alizidi, akawa hanyonyi wala hapati usingizi hata akishikwa. Wakamwanzishia mofini ya maji. Nesi anaivuta kwa bomba lisilo na sindano, kiasi ambacho kwenye kijiko usingekiona, anaidondosha ndani ya shavu taratibu huku akimtazama anavyopumua. Kesho yake alinyonya ziwa moja lote bila kuliachia. Sasa wanampunguzia, na uzito umeanza kupanda. Hatujaruhusiwa bado na hatuna haraka.

Swali: akitoka, mdogo wangu atakwendaje kliniki kila asubuhi na mtoto mchanga?

#13 Mkunga wa Zamu

Hongereni sana, na mpe mama yako heshima zangu.

Aende naye mgongoni au amwachie bibi, vyovyote ila dozi isikatike. Wiki za baada ya kuzaa ndizo nilizoziona zikiwarudisha wengi kwenye unga: usingizi hakuna, mwili umechoka, maneno ya watu yanarudi. Dozi iliyoongezwa wakati wa mimba inaweza kuwa kubwa sasa, akiona anasinzia mchana aseme ipunguzwe. Akiwa mzito wa usingizi asilale na mtoto kitanda kimoja, na mtoto alazwe chali kila mara, watoto hawa wako kwenye hatari zaidi ya kufa ghafla usingizini. Chupa ya dawa yoyote isikae nyumbani mahali mtoto mwingine anaweza kuifikia. Mizani kila wiki mwezi wa kwanza, chanjo za wiki ya sita kama watoto wote. Homa, degedege, kukataa ziwa au kuharisha kusikokatika, mrudini usiku ule ule.

#14 Mgeni wa Mbagala

Samahani kuingilia uzi. Mke wa mpangaji wangu hatumii unga ila anameza tramado kila siku, amezoea. Ana mimba ya miezi mitatu. Naye inamhusu hii?

#15 Mkunga wa Zamu

Inamhusu. Tramado iko kwenye ukoo mmoja na mofini, mtoto wake anaweza kupata arosto hiyo hiyo. Asiache ghafla peke yake nyumbani. Miezi mitatu ni mapema, ana muda mzuri: aende kliniki ya wajawazito wiki hii, aseme anameza ngapi kwa siku, wampangie. Akiogopa kusema kwa sauti dirishani, aandike kwenye karatasi aikabidhi akiingia chumba cha daktari. Ukitaka nikuelekeze kituo cha karibu na Mbagala, nitumie ujumbe.